Kwa Nini Haachi?

Kuna swali ambalo ukikaa na familia yenye kijana anayetumia unga, haipiti saa moja halijaulizwa. Kwa nini haachi? Tumemsomesha. Tumemwozesha. Tumempeleka shamba kwa babu yake akakaa msimu mzima. Tumeuza kiwanja tukamlipia soba, nyumba ya upataji nafuu, akarudi amenawiri, mashavu yamejaa. Mwezi haujaandama, karudi palepale. Mama analiuliza huku analia, baba analiuliza amekunja uso, na jirani analiuliza kwa sauti ya chini huku akiharakisha kuanua nguo zake kwenye kamba.

Nimelitafakari sana swali hili, na ninachotaka kukuambia leo ni kwamba majibu tunayoyatoa ni majibu ya swali jingine. Ukiuliza kwa nini haachi, utaambiwa marafiki wabaya, malezi, hana kazi, hana dini, utandawazi umewaharibu. Hayo yanaweza kueleza kwa nini alianza. Hayaelezi kwa nini anaendelea. Aliyevuta mara ya kwanza alikuwa na sababu zake. Anayevuta leo, miaka sita baadaye, ana sababu nyingine kabisa, nayo imo ndani ya mwili wake. Sisi nguvu zetu zote tunazipeleka kwenye ile sababu ya kwanza, hii ya pili tunaiacha inammaliza.

Basi tuanze na kuanza kwenyewe.

Heroini, ndiyo huo unga tunaousema, hutengenezwa kutokana na afyuni, utomvu wa tunda la mpopi. Inayofika kwetu asili yake kubwa ni Afghanistan. Hupitishwa hadi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kisha hupakiwa kwenye majahazi yanayoshuka Bahari ya Hindi kwa njia ambazo mababu zetu walizijua vizuri kwa biashara ya tende na boriti. Mitaani kwetu, Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam, ilianza kuonekana miaka ya 1980. Wakati ule ilikuwa ya rangi ya udongo, ikiitwa brauni shuga, na watu hawakuwa wakijidunga. Iliwekwa juu ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikapashwa moto kwa chini, moshi ukavutwa kwa mrija. Au ilichanganywa na bangi katika msokoto mmoja, ndio huo unaoitwa kokteli.

Kokteli imewaingiza watu wengi sana. Kijana amezoea bangi yake na wenzake maskani. Siku hiyo msokoto unaozunguka una kitu kingine ndani, na mara nyingi haambiwi, au anaambiwa kijuujuu kwamba hii ni kali zaidi. Anatapika. Wengi hutapika mara ya kwanza. Kisha anatulia utulivu ambao hajawahi kuupata. Kesho yake anautafuta ule msokoto, na hapo bado hajui anatafuta nini. Mabaharia waliuonja unga bandari za mbali wakarudi nao. Mapapasi wa ufukweni, wale wanaozungusha watalii, waliuonja pamoja na wageni wao. Wasichana wengi walionjeshwa na wapenzi wao, chumbani, na mtu waliyemwamini.

Wapo pia walioingia kwa sababu ya maumivu. Nazungumzia kijana aliyefiwa na wazazi wote akalelewa kwa matusi, binti aliyebakwa akanyamaza kwa kuogopa aibu ya ukoo, mtu mzima aliyepoteza kazi akashindwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Hawa unga haukuwapa starehe kwanza. Uliwapa nafuu. Naomba tuliseme hili bila kuzungukazunguka: heroini hutuliza. Hutuliza mwili, hutuliza hofu, hutuliza majonzi, na ndiyo maana mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kama dawa ya kikohozi, ikiamini imepata dawa salama. Tukiwaambia watoto shuleni kwamba unga ni uchungu na mateso tangu siku ya kwanza, halafu mmoja akauonja akaona umemletea raha, atahitimisha kwamba tulimdanganya. Hatatusikiliza tena kwa yale ya kweli tutakayomwambia baadaye. Mwambie mwanao ukweli: siku ya kwanza utaona raha, na raha hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Sasa tuingie mwilini, maana huko ndiko liliko jibu la swali la mama.

Mwili wa binadamu hutengeneza wenyewe vitu vya kutuliza maumivu. Ndivyo vinavyomwezesha mtu aliyejikata kwa panga shambani kutembea hadi zahanati kabla maumivu hayajamwangusha. Vitu hivyo vina mahali pake pa kutua, ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo, hata kwenye utumbo. Heroini hutua mahali hapohapo, ila hutua kwa nguvu ambayo mwili haukuumbwa kuihimili. Inapoingia kila siku, mwili hujirekebisha. Hupunguza vya kwake kwa kuwa vya kuletewa ni vingi, na hupandisha juu kila kilichokuwa kinatulizwa ili mtu aweze kuendelea kupumua na kusimama. Wiki zinapita, kete moja, yaani kipimo kimoja cha unga, haimtoshi, anataka mbili. Halafu tatu. Na hapo raha ile ya mwanzo haipo tena. Wenyewe watakuambia wameitafuta miaka na hawajaipata.

Kinachobaki ni arosto, yaani mateso ya kuukosa unga.

Nataka tuiangalie arosto kwa karibu, kwa sababu wengi tunaitamka tu. Chukua kijana aliyevuta kete yake ya mwisho saa tatu usiku. Alfajiri anaamka kabla ya adhana, na si kwamba ameshiba usingizi. Anaanza kupiga miayo mfululizo. Macho yanatoka machozi, pua inachuruzika, utadhani ana mafua makali. Vinyweleo vinasimama, ngozi inakuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Anajifunika blanketi katika joto la Februari, kisha analitupa, kisha analivuta tena. Ikifika mchana tumbo linamsokota. Anahara, anatapika, hana kilichobaki tumboni lakini bado anatapika. Miguu inajirusha yenyewe kitandani. Mifupa inauma kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki kupakanda. Hawezi kulala, hawezi kukaa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya takriban wiki moja mwili huanza kupoa, ila usingizi wa shida, moyo mzito na hamu ya kurudi vinaweza kumfuata kwa miezi.

Na muda wote huo anajua jambo moja kwa hakika: kete moja, ya shilingi elfu chache, itaondoa yote haya ndani ya dakika chache.

Mtu huyu ndiye tunayemwambia aone haya. Anaona haya, msikilizaji. Anaona haya kuliko tunavyodhani. Haya haizuii kuhara.

Ndiyo maana ukipita kituo cha daladala asubuhi na mapema utawaona. Yule anayepiga debe kwa sauti iliyokauka, anayekusanya mia mbili mia mbili kutoka kwa makondakta, hatafuti pesa ya chai. Anatafuta pesa ya kukata arosto, na anakimbizana na saa. Mwenzake anapita majalalani na gunia la skrepa mgongoni, chuma, waya wa shaba, sufuria iliyotoboka. Ukiwakuta baadaye, saa nne, mmoja amesimama pembeni ya ukuta amepinda kiuno, kichwa kinakaribia magoti, mkono umening'inia, na haanguki. Watoto wa shule wanacheka na kumrushia maganda ya machungwa. Huyo hayuko kwenye starehe. Amepata masaa kadhaa ya kutokuumwa, na saa tisa alasiri mbio zinaanza upya. Hiyo ndiyo siku yake, na kesho yake, na Idi yake, na Krismasi yake. Sijui kazi yoyote halali yenye saa nyingi namna hiyo isiyo na siku ya mapumziko.

Katika mbio hizo ndimo madhara mengine yote yanamozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 unga wa rangi ya udongo ulianza kupisha unga mweupe. Mweupe huyeyuka kwenye maji kwa urahisi, kwa hiyo hudungika, na ukidungwa kiasi kidogo hufanya kazi ya kiasi kikubwa cha kuvuta. Kwa mtu asiye na pesa, hiyo ni hesabu rahisi. Sindano ikaingia maskani, na pamoja nayo Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C, maana sindano moja ilipita mikono mitatu, minne. Zanzibar, ambako chini ya mtu mmoja katika kila 100 wa kawaida ana virusi hivyo, waliojidunga wamekutwa navyo kwa kiwango kikubwa mara nyingi zaidi. Mishipa ya mikono inakauka, wanahamia miguuni, kisha kinenani, kisha shingoni. Majipu. Vidonda vinavyonuka hadi daladala nzima inahama siti. Kifua kikuu, kwa kulala watu wengi kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha.

Nikupe jambo moja ambalo tangu nililisoma halijanitoka. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam waliandika kuhusu wanawake wanaojidunga, wengi wao wakijiuza ili wapate pesa ya kete. Mmoja akiwa na pesa na mwenzake hana, aliye na pesa alijidunga, kisha akavuta damu yake mwenyewe kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake ajidunge nayo, wakiamini kwamba ndani ya ile damu imebaki heroini ya kutosha kumpunguzia arosto. Kama kuna njia ya hakika zaidi ya kuambukizana virusi, mimi siijui. Lakini usiishie kushika kichwa. Angalia kilichowasukuma. Huyu mwanamke alimwona mwenzake anagaragara, akampa kitu pekee alichokuwa nacho. Ilikuwa huruma. Tunaowaita watu walioishiwa utu walikuwa wanagawana damu ili mwenzao asiteseke, na huruma hiyo ikawaua, kwa sababu sisi wengine hatukuwa tumewapa huruma yoyote iliyo bora kuliko hiyo.

Wanawake wana mzigo wao ambao hauzungumzwi. Unga huweza kusimamisha hedhi kwa miezi, hata miaka. Msichana anadhani hawezi tena kushika mimba, anaacha kujikinga, na anakuja kugundua ana ujauzito tumbo likiwa limekwisha kutoka. Hapo ndugu humfungia ndani aache papo hapo kwa ajili ya mtoto. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini ni hatari: mjamzito aliyezoea heroini akikatishwa ghafla, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Apelekwe hospitali. Ipo dawa ya kumshikilia mpaka ajifungue salama, na mtoto akizaliwa na arosto, wauguzi wanajua namna ya kumtunza.

Nyumbani nako kunaungua. Kwanza inapotea simu, halafu mtungi wa gesi, halafu vyombo vya harusi vya mama alivyovitunza kabatini miaka thelathini. Mtoto wa mtumiaji anakwenda shule na jina la baba yake limeshamtangulia darasani. Na mtaani, akikutwa na kuku au betri ya gari isiyo yake, tunasikia kwenye taarifa ya habari maneno tuliyoyazoea mno: wananchi wenye hasira kali. Amepigwa mawe, amechomwa kwa tairi, kwa sababu ya kuku. Hilo ni dhambi, na nalitamka hapa mbele ya kipaza sauti bila kupunguza neno.

Mtu atasema, dawa ni kuziba njia, unga usiingie. Nami nasema ndiyo, zibeni. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Agosti mwaka huohuo Kenya ililipua baharini chombo kingine kilichonaswa na mamia ya kilo. Baktash Akasha na mdogo wake Ibrahim, watu wa Mombasa, walisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2017 na huko wakahukumiwa vifungo virefu. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015 na kuunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nayo Desemba 2023 ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Kilo 3,182! Wanaofanya kazi hiyo wanastahili heshima, na wafanyabiashara wakubwa wanastahili kila mwaka wanaohukumiwa.

Lakini kuna somo ambalo pwani ya Kenya ililipata kwa gharama. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, baada ya msako mkali, unga uliadimika Mombasa, Malindi na kwingineko. Kwa maelfu ya waliouzoea, ilikuwa arosto ya mji mzima. Baadhi waligeukia vidonge na pombe, bei ya kete ilipanda, na kile kidogo kilichopatikana kilikuwa kimechanganywa na vitu visivyojulikana. Hospitali na asasi zilizokuwapo zilizidiwa. Unga ulikosekana, lakini hawakuacha, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwapokea. Ukiziba bomba pasipo kufungua kliniki, mgonjwa bado yupo, na ugonjwa wake bado upo.

Na kliniki zipo. Hili ndilo ninalotaka lisikike hata na aliyeanza kusinzia. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuzuia arosto, ya kwanza kutolewa na serikali katika nchi za Bara zilizo kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mwaka 2015 Kidongo Chekundu huko Unguja, na baadaye mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata Malindi na Kisauni.

Methadoni ni ya majimaji, ya kunywa. Asubuhi watu wanapanga foleni mbele ya dirisha. Anataja namba yake, mfamasia anapima kiasi chake kwenye kikombe, anakunywa palepale, anashushia maji, kisha anatakiwa kusema kitu, hata salamu tu, ili ijulikane kwamba ameimeza na hakuificha mdomoni. Basi. Dakika mbili. Dawa hiyo hutua mahali palepale heroini inapotua, lakini hupanda taratibu na hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Ikiwa kipimo chake ni sahihi hailevyi, na arosto haiji. Anatoka pale saa mbili asubuhi akiwa na siku nzima mbele yake, siku isiyo na mbio. Anaweza kwenda kazini. Anaweza kumeza dawa zake za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi bila kusahau, kwa maana kliniki nyingi humpa zote pamoja.

Najua pingamizi. Nimelisikia misikitini, kanisani, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya: mnawabadilishia unga kwa unga. Ndugu zangu, angalieni matokeo. Huyu hajidungi. Haibi. Analala usiku. Anakula. Mwanawe anamwona nyumbani jioni. Kama hayo ndiyo madhara, basi nayatamani kwa kila nyumba iliyoumizwa. Wengine hupunguziwa kidogo kidogo na kuiacha baada ya miaka, wengine huendelea nayo kwa muda mrefu sana, na hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Tatizo halisi la methadoni ni jingine: kwa wengi ni kila siku, na nauli ya kila siku kwa mtu asiye na kazi ni mlima. Wengi huacha tiba kwa kukosa nauli. Ukitaka sadaka ambayo utaiona kwa macho yako, mlipie mtu mmoja nauli ya kliniki kwa mwezi.

Soba nazo, yaani nyumba za upataji nafuu, zimewaokoa wengi. Zanzibar ndiko zilikoota mizizi, zikiendeshwa na watu waliotumia wenyewe wakaacha. Mgeni hapokelewi na hotuba, anapokelewa na mtu aliyewahi kulala kwenye maskani ileile. Hukaa miezi kadhaa, wanapika pamoja, wanafanya mikutano yao ya hatua 12, wanajifunza kusema ukweli. Kwa baadhi hiyo inatosha. Kwa wengine haitoshi, na hao wasihesabiwe kuwa hawana nia. Zipo pia nyumba chache ambazo watu wamefungwa minyororo na kupigwa kwa jina la tiba. Kabla hujamwacha ndugu yako mahali, ingia ndani uone wanapolala, uliza wakiumwa wanapelekwa wapi, na ongea na waliomo bila msimamizi kusimama karibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Hatari kubwa kabisa ya kufa haiko pale kijana anapotumia kila siku. Iko katika wiki za kwanza baada ya kutoka soba au gerezani. Mwili uliokaa miezi minne bila unga umepoteza ule uzoefu wake, umekuwa karibu sawa na mwili wa mtu asiyewahi kutumia. Kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Anakutana na rafiki, anajiambia mara moja tu, anachukua kiasi kilekile alichokizoea, na pumzi inapungua, inapungua, inasimama. Wazazi wengi wamemzika mtoto wiki ya tatu baada ya kumpokea kwa pilau, na hawajaelewa mpaka leo ilikuwaje, maana alikuwa ameshaacha.

Kwa hiyo akirudi, usimtangazie mtaa kwamba amepona na kumwacha. Kaa naye. Mwambie hili ninalokuambia, kwa maneno haya haya: ukiteleza, kipimo chako cha zamani kitakuua. Na mwambie pia kwamba akiteleza aje nyumbani, mlango uko wazi. Anayeogopa kufukuzwa hujificha, na anayejificha hufia chooni kwenye jumba bovu, peke yake, asionekane hadi asubuhi.

Ukimkuta mtu amezidisha, utamjua: humwamshi, anakoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida au anavuta pumzi moja baada ya muda mrefu, midomo na kucha zimeingia weusi. Usimmwagie ndoo ya maji. Usimnyweshe maziwa, yataingia kwenye mapafu. Usimdunge maji ya chumvi. Mtikise, muite jina, na kama hapumui vizuri mpulizie pumzi mdomoni mara kwa mara huku mwingine anatafuta usafiri. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu asijisonge na matapishi. Hospitalini ipo dawa inayoitwa naloksoni ambayo humwondolea heroini pale ilipotua na kumrudishia pumzi ndani ya dakika chache. Waambie wahudumu moja kwa moja kwamba ametumia unga, usione haya ukasema ni malaria. Na wahudumu mnaonisikiliza, familia ikiwaambia ukweli huo, msibadilishe sura.

Mama uliyeuliza kwa nini haachi, nimejitahidi kukujibu. Haachi kwa sababu kila akijaribu, mwili unamwadhibu kuliko unavyoweza kumwadhibu wewe, na mpaka sasa amekuwa akijaribu peke yake. Wengi wameacha, baada ya kuanguka mara tatu, mara tano, na karibu kila mmoja wao alikuwa na mtu ambaye hakuchoka. Zitafuteni asasi zinazofika maskani, ndizo huwaandaa na kuwapeleka kliniki. Methadoni kwenye kliniki za serikali haiuzwi, hutolewa bure. Mchukue mwanao kesho asubuhi kabla arosto haijamtoa nyumbani, mwende wote wawili, na usimwache pale getini.